Shingo Iliyopimwa kwa Maswali

Mimi ni fundi cherehani. Kabla sijafungua tepu huwa namwambia kila mteja neno moja: usivute tumbo. Wanavuta hata hivyo. Wanaume ndio wabaya zaidi. Anasimama mbele yangu kama yuko kwenye gwaride, nampima, nashona, halafu Jumapili anarudi na suruali mkononi akidai nimemwibia kitambaa. Watu wa namna hii nimewacheka kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza kwetu Uvira, Kongo, kisha hapa Uganda, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Halafu nikaugua, ikawa zamu yangu kupimwa, na mimi nikavuta tumbo miezi minne mfululizo. Nusura nife kwa majibu yangu mwenyewe.

Ninaandika kwa ajili ya mtu aliyemaliza matibabu ya saratani ya koo au ya mdomo, akaambiwa amepona, kisha asubuhi moja akajishika uso akaukuta umejaa, asijue ni wake au ni wa nani. Habari za dawa sitazieleza kwa sababu sizijui. Ninazozijua ni habari za benchi.

Saratani yangu ilikuwa nyuma ya ulimi. Walinipasua shingo upande wa kushoto wakati wa mavuno ya maharage, kisha nikapelekwa Kampala kwa mionzi, wiki saba. Ya Kampala nimeyasahau mengi na sijitahidi kuyakumbuka. Niliporudi mvua za Septemba zilikuwa zimeanza, mke wangu ameshapanda mahindi peke yake, na daktari akasema ugonjwa hauonekani tena. Tulifanya ibada ya shukrani nyumbani. Mchungaji alikula kuku, mimi nikanywa mchuzi.

Karibu na Krismasi nikaanza kuvimba. Chini ya kidevu kulitokea kitu kama mfuko mdogo, asubuhi umejaa, jioni umepungua. Mikunjo ya mto ilibaki imechorwa shavuni mpaka saa nne. Ngozi ya shingo ikawa ngumu kama kile kitambaa tunachoweka ndani ya kola ili isimame. Kola zangu mwenyewe hazikufunga tena, nikajishonea mashati mawili yasiyo na kola, na watu wa soko wakadhani ni mtindo mpya. Wawili waliniomba niwashonee kama hayo. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa na hofu moja tu, kwamba imerudi.

Haikuwa imerudi. Hospitalini Mbarara walinipiga picha, wakanieleza kwamba ni maji ya mwili yaliyokosa njia. Kisu na mionzi viliharibu mifereji yake, basi yanasimama shingoni. Kisha nikakabidhiwa kwa nesi mmoja ambaye nitamwita Sista Anna.

Sista Anna ni Mnyankore, mwenyeji wa huku, amelelewa kambi ya jeshi ya Makenke, baba yake alikuwa askari. Kiswahili alikijulia huko, na anakisema bila kupamba, kama mtu anayetoa amri kwa upole.

"Mzee, hii kitu haiendi kabisa," aliniambia siku ya kwanza. "Tunaifuga tu. Kama ng'ombe mkorofi. Ukiacha kuchunga, inavunja ua."

Nililipenda neno hilo la kufuga. Lakini kabla ya kumfikia Sista nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje, na habari yote inaanzia pale.

Sisi wakimbizi tuna desturi moja ya benchi. Mtu akitoka chumba chochote chenye meza na karatasi, hapiti hivi hivi. Lazima aulizwe, kwa Kiswahili cha kwetu: banauliza nini? Atakaa kidogo, atayataja maswali moja moja, na wanaosubiri watayashika vichwani. Siku ile alitoka mzee mmoja wa Kinyankore mwenye shavu lililojaa kama langu. Nikamwuliza. Akaniambia kwanza wanapima kwa tepu, kisha wanasoma maswali, mengi, na mwezi ujao watayasoma tena yale yale.

Yale yale! Miaka iliyopita mimi na mke wangu tuliitwa kwenye usaili wa kuhamishiwa nchi ya mbali. Walitutenganisha, kila mtu chumba chake. Mke wangu, Mama Neema, akasema tulikimbia asubuhi. Mimi nikasema ni mchana. Sote tulisema kweli, maana yeye alitangulia na watoto, mimi nikafuata. Tuliitwa mara tatu kulieleza jambo hilo, na faili letu likabaki palepale, mpaka leo liko. Tangu hapo nyumbani kwetu kuna sheria: ukiulizwa swali mara ya pili, jibu la kwanza ndilo jibu. Anayebadilisha ndiye mwongo. Nimewafundisha sheria hiyo majirani wengi nikiwa nawapima nguo, nami nilijiona mwenye hekima.

Basi Sista alinikalisha kwenye kiti, akanipima. Kutoka sikio mpaka sikio kwa kupitia kidevuni, kutoka kona ya mdomo mpaka taya, shingo juu, shingo chini. Nilimtazama anavyoishika tepu. Alikuwa anaikaza mno, nikamwambia. Akacheka, akalegeza, akaanza upya. Halafu akachukua karatasi.

"Sasa nauliza wewe. Wiki moja imepita, ulikuwa namna gani. Moja ni hapana kabisa. Mbili ni kidogo. Tatu ni kiasi. Nne ni sana. Si mtihani, mzee."

Kila mwenye karatasi husema si mtihani.

Akauliza kama shingo inavuta nikigeuka. Kama nina shida ya kumeza chakula kigumu. Kama nina shida ya kumeza maji. Kama napumua vizuri nikilala. Nikawa najibu kidogo, kidogo, kidogo, jibu lisiloudhi mtu. Kisha akasoma swali moja ambalo sikulitegemea: "Umekwepa kula mbele ya watu?"

Nyumbani nilikuwa nakula nyuma ya jiko. Nilikuwa nimemwambia Mama Neema kwamba kule kuna upepo. Sikumwambia mtu yeyote kwamba supu inanichuruzika mdomoni bila mimi kuhisi, na kwamba binti yangu Neema aliwahi kunipangusa kidevu kama mtoto, nikaona haya mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Karatasi hii iliyajuaje? Nilifikiri jambo hilo ni langu peke yangu duniani. Kumbe kuna watu mahali fulani, wengi wa kutosha mpaka swali lao likachapishwa. Huzuni yangu ilipungua pale pale, na mahali pake ukaingia udadisi. Nikataka kujua ni akina nani, na wao wanakwenda kula wapi.

Swali la mwisho lilikuwa la namna nyingine. "Kwa jumla, maisha yako ya wiki hii. Moja ni mbaya kabisa, saba ni nzuri kabisa. Weka wapi?"

Nikasema nne. Nne iko katikati, haimwudhi mtu.

Nilipofika nyumbani nilifungua daftari langu la vipimo, lile lenye vifua na viuno vya nusu ya soko, nikaandika jina langu na chini yake majibu yangu yote kwa mpangilio. Kila mwezi kabla ya safari niliyakariri. Februari nilijibu hivyo hivyo, Machi hivyo hivyo. Sista alikuwa ananitazama kidogo, anaandika, anaendelea.

Na maswali yenyewe yaliniingia. Nilianza kuwapima watu. Mteja akilalamika kuhusu mvua namwuliza, kidogo, kiasi au sana? Mchungaji alipohubiri kwa saa mbili nilimwuliza Neema anampa ngapi. Siku moja Mama Neema alikuwa amenuna, nikamwambia, "Kuanzia moja mpaka nne, umekasirika kiasi gani?"

"Tano," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Kazi ya kufuga ilikuwa kazi kweli. Sista alitufundisha kusukuma maji kwa mkono mwepesi sana, kuanzia kwapani na kifuani, kisha shingo, kisha uso, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kitambaa asiyetaka kukikunja. Mama Neema alinifanyia kila asubuhi kabla hajaenda shambani. Mikono yake ni ya jembe, mwanzoni ilinikwaruza, baadaye nikaizoea kiasi kwamba siku ya kukosa nilihisi sijaamka. Tepu ikaanza kutupa habari njema. Machi, sentimita moja imetoka. Aprili, mbili. Kola ya shati moja ikakubali kufunga. Sista alipiga makofi.

Lakini kooni mambo yalikuwa yanakwenda kinyume. Mvua za masika zilipokaza, ugali ulianza kusimama. Kisha wali, kisha viazi. Mwisho wa Aprili hata maji yalikuwa yanarudi puani. Nikilala chali nilisikia filimbi ndani ya shingo yangu, ikabidi nilale nimeegemea magunia. Nikajiambia tepu inashuka, kwa hiyo napona. Tena nilishasema kidogo. Nikisema sana, wataandika kwamba mtu huyu leo anasema hivi, kesho vile. Niliamini kabisa kwamba karatasi za hospitali na faili letu vinalala kabati moja. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe.

Mama Neema aliona.

"Weye, Baba Neema, juu ya nini haukuli? Minaona sahani inarudia vile vile."

"Sina hamu."

"Hamu! Muntu anakosa hamu ya ndagala, tena ya Uvira?"

Nikawatazama wale dagaa, nikasingizia dawa.

Jumapili ya kwanza ya Mei ilikuwa Meza ya Bwana. Nilivaa suruali yangu ya suti na lile shati lililokubali kufunga. Mkate wetu hukatwa vipande vidogo, kama ukucha wa kidole gumba. Nilipokea changu, nikakitia mdomoni, nikajaribu kumeza. Kikagoma. Nikajaribu tena, pumzi ikakatika, macho yakajaa machozi, na mama mmoja jirani akadhani nimeguswa na Roho. Nikatoka nje taratibu, nikageukia ukuta, nikakitema kwenye leso. Sikuweza kuutupa mwili wa Bwana majanini. Sikuweza kuumeza pia. Nikaikunja leso, nikaitia mfukoni, nikarudi kuimba kwa kuchezesha midomo tu. Sijawahi kujisikia mchafu kama siku ile.

Siku ya nne Mama Neema alifua ile suruali. Alikuja kibandani kwangu na leso mkononi, kipande kimekauka kama kokoto katikati yake. Mteja alikuwepo, akamwomba atupishe. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Hata hii?" alisema. "Hata hii haipite?"

Nikamweleza yote, daftari, sheria yetu, kabati. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea aniulize kwa nini niliwadanganya wa hospitali. Hakuuliza hilo.

"Wale sawa," alisema. "Lakini mie si ofisi, Baba Neema. Mie mbona haukuniambia?"

Alilia kidogo, akafunga leso vizuri, akaitia kwenye pochi yake. Kesho yake tulipanda gari la kwanza la Mbarara, wiki nzima kabla ya tarehe yangu. Njia ilikuwa tope tupu mpaka tuliposhika lami. Alinishika mkono njia nzima, kwa nguvu, kama anayemshika mtu asitoroke.

Sista Anna hakutukataa. Alitoa tepu kama kawaida. Mama Neema akauzuia mkono wake.

"Sista, huyu muntu anakudanganya. Miezi yote anakupatia majibu ya kwanza. Ameyaandika mu kitabu." Akafungua leso juu ya meza. "Ona. Ni mukate ya Meza ya Bwana. Alishindwa na kipande kidogo kama hii."

Sista alikitazama kile kipande. Nilingoja anikaripie. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, mkabala nami, magoti yetu yakikaribia kugusana.

"Bambi, pole mzee," alisema. "Tepu yangu inapima inje. Haiingii ndani ya koo. Ndani mimi naona na mdomo yako tu."

Akachukua karatasi mpya. Akasoma swali la kumeza chakula kigumu. Nikasema sana. Kumeza maji? Sana. Kupumua ukilala? Sana. Kila nilipolisema neno hilo nilihisi ninashuka ngazi ndani ya giza, na kila ngazi ilikuwepo, sikuanguka. Alipofika la mwisho, moja mpaka saba, nilisema mbili. Mama Neema aliguna. Nafikiri yeye angesema moja.

Siku hiyo hiyo daktari alinipitishia puani mpira mwembamba wenye taa, akatazama kooni. Ndani kulikuwa kumevimba kuliko nje, alisema, njia ya hewa imebaki nyembamba. Kama ningengoja mwezi mwingine, wangenikuta nyumbani nimekatika pumzi, au wangenitoboa shingo ili nipate pa kupumulia. Walinilaza siku tisa. Dawa za kupunguza uvimbe, kichwa juu, mazoezi ya ulimi na ya kumeza mara tano kwa siku, na mfundishaji wa mazoezi, binti wa Nyamitanga, hapo hapo Mbarara, alikuwa mkali kuliko sajini. Mama Neema alilala chini ya kitanda changu kwenye mkeka. Alinichua kila asubuhi wodini, wagonjwa wengine wakitazama, na kufika siku ya sita alikuwa anawafundisha ndugu wa wagonjwa wawili.

Siku ya tisa aliagiza chai ya maziwa. Alitoa leso, akakitumbukiza kile kipande ndani ya kikombe, akangoja kilainike, akanipa kwa kijiko. Alifumba macho, nafikiri aliomba. Nikainamisha kidevu kama nilivyofundishwa, nikameza mara mbili. Kikapita. Kisha akaninywea chai iliyobaki.

Niliporudi nyumbani niliuchana ule ukurasa wa daftari. Na safari iliyofuata ya hospitali nilimwuliza Sista kama karatasi zake huwa zinakwenda kwenye faili letu. Akashangaa. Akanionyesha zinakokwenda: kabati la chuma lenye kufuli, mlemle chumbani kwake. Akanipangia nne zangu za kwanza mezani, Januari mpaka Aprili. Zilifanana kama mapacha.

"Mimi nilijua iko kitu," alisema. "Mgonjwa anakuwa na wiki mbaya, wiki nzuri. Wewe ulikuwa na wiki moja tu, miezi yote."

Sasa ni kiangazi cha pili. Ng'ombe wangu bado ni mkorofi. Joto likizidi anajaa, nikisafiri mbali anajaa, Mama Neema akinikasirikia na kuniacha nijichue mwenyewe anajaa zaidi. Ugali wa muhogo unapita ukiwa laini na mchuzi mwingi. Nyama bado. Ninakula mbele ya watu, nikiwa na kitambaa begani, na Neema akinipangusa kidevu namshukuru. Namba zangu zinapanda na kushuka kila mwezi, nami nimekuwa mpenzi wa kuzitazama. Mwezi wa saba nilisema sita, nikashangaa mwenyewe, maana hakukuwa na sababu ya maana. Mvua ilikuwa imenyesha siku moja isiyo yake, basi.

Juma lililopita nilitoka chumbani kwa Sista nikamkuta mama mmoja kwenye benchi. Uso wake alikuwa ameufunika kwa kitenge, jicho moja limebaki nje. Kwa lafudhi nilijua ni wa kwetu, wa Fizi pengine. Akanivuta shati.

"Baba, pole. Banauliza nini mule ndani?"

Nikakaa. Nikamtajia maswali yote, moja moja, kama desturi inavyotaka. Lile la kula mbele ya watu lilipofika, jicho lake liliinama.

"Na ile ya mwisho, ya moja mpaka saba," akasema, "weye umejibu ngapi?"

"Leo nimesema tano."

Alifikiri kidogo, midomo ikitembea chini ya kitenge. Alikuwa anakariri. "Basi na mie nitasema tano."

Nilicheka mpaka Sista akachungulia mlangoni.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hiyo tano ni yangu. Ingia utafute yako."